Maktaba Isiyo na Rafu

Siku tuliyokwenda Kitale kujitambulisha kwa akina mke wangu, kabla hajawa mke wangu, msemaji wetu alikuwa baba mdogo. Baba yangu ni mtu wa maneno machache, na mtu wa aina hiyo hapewi kazi ya kuomba msichana. Yeye anavaa koti na kukaa pembeni. Baba mdogo ndiye mwenye mdomo katika ukoo wetu. Ameongoza harambee, amepatanisha ndugu waliogombania mashamba, na hakuna matanga Bungoma nzima ambayo hajasimama kusema jambo.

Tulikodi gari. Tulipofika Misikhu tukasimama kununua mkungu wa ndizi, maana hatukutaka kuingia boma la watu mikono mitupu. Baba mdogo akageuka kutoka kiti cha mbele akaniuliza, "Sasa hawa watu wakiuliza unafanya kazi gani, niseme nini?"

Lilikuwa swali la haki. Hata nyumbani walikuwa wanajua tu kwamba nashinda na kompyuta. Riziki yangu niliipata kwa kuzitengenezea shule na vyama vya akiba tovuti zao. Lakini kitu nilichokipenda kilikuwa kingine. Nilikuwa nimeandika kile ambacho sisi waandishi wa programu tunakiita maktaba. Si nyumba. Ni furushi la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambalo mwandishi mwingine, popote alipo, analichukua bure mtandaoni na kulitia ndani ya programu yake. Basi mtu akigusa neno la Kiingereza kwenye hiyo programu, maana yake inatokea. Maana zenyewe nilizitoa katika kamusi ya zamani sana ambayo haki zake zilikwisha, kila mtu anaruhusiwa kuitumia.

Nilimweleza baba mdogo hivyo, polepole. Alisikiliza huku anamenya ndizi.

"Maktaba," akasema. "Ya Kiingereza."

"Ndiyo, baba, lakini si—"

"Nimeshika."

Boma la akina mke wangu liko nje ya mji, kwenye shamba ambalo babu yake alilinunua alipohama kutoka kwao katikati ya nchi. Kuna ghala la mahindi, ng'ombe wa maziwa, na mstari wa miti ya mikrevilea kando ya ua. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo upande wao msemaji alikuwa kaka wa huyo marehemu. Mama mwenyewe alikaa karibu na mlango wa jikoni, amevaa sweta ya kijani, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Nilijua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na amestaafu. Zaidi ya hapo sikumjua, na wala sikumtazama. Kwetu mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, huli naye meza moja, na mkikutana njiani mmoja anampisha mwenzake.

Tulikunywa chai. Baadaye swali likaja, na baba mdogo akasimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Huyu kijana yetu ako na maktaba," akasema. "Maktaba ya Kiingereza. Watu ya dunia mzima wanaitumia. Hata wazungu."

Mama akaweka kikombe chini. Ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake.

"Maktaba kabisa? Iko na vitabu vingapi?"

"Maelfu," baba mdogo akajibu. Alikuwa amenisikia nikisema kuhusu maelfu ya maneno.

Nilitaka kuzama chini ya zulia. Lakini siku kama hiyo kijana anayeombewa mke hafungui kinywa, seuze kumrekebisha mzee wake mbele ya wakwe. Nikamtazama mpenzi wangu. Alikuwa anajiuma midomo asicheke.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Tulipokuwa tunaaga, mama akatoka nyuma ya nyumba na katoni iliyofungwa kwa kamba ya sisali, akaiweka kwenye buti ya gari mwenyewe. Ilikuwa imejaa vitabu vya hadithi na vya kujifunzia kusoma, vile vyenye picha, vya miaka aliyokuwa akifundisha.

"Ni vya kuongezea," akasema, akiangalia katoni badala ya kuniangalia mimi. "Hapa panya watamaliza."

Njia yote kurudi Bungoma baba mdogo alikuwa anaimba.

Jioni hiyo nilimpigia mpenzi wangu simu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini unajua, huyu mama amesumbua watu miaka mingi juu ya maktaba. Shuleni aliomba chumba, wakampa stoo ya mbolea. Kanisani akaomba, wakamwambia watafikiria. Leo tangu muende amekuwa akiimba jikoni."

"Sasa nifanye nini?"

"Ati unaniuliza mimi? Wewe ndiye uko na maktaba."

Nilidhani nina muda wa kufikiria. Sikuwa nao. Kabla wiki haijaisha nilipata habari kwamba mama ametafuta katoni nyingine mbili na anataka kuja Bungoma kuona hiyo maktaba kwa macho yake, ajue pia kama ina mtu wa kubandika vitabu majalada. Jumamosi iliyofuata nikatia laptopu kwenye mkoba nikaenda Kitale.

Alinikaribisha sebuleni. Nikakaa kiti cha karibu kabisa na mlango, magoti yakielekea nje. Yeye alikuwa upande wa pili wa chumba. Mpenzi wangu alikuwa katikati, na kwa sababu ya aibu yangu yeye ndiye aliyekuwa anapeleka maneno, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri.

"Mama anauliza mbona unakaa mlangoni. Kwani yeye ni simba?"

"Mwambie kwetu ndivyo tunavyomheshimu mama mkwe."

"Anasema amesikia. Anauliza kama pia chai utainywea nje."

Nikacheka, na kwa kuwa nilikuwa nimeshacheka, nikaona heri niseme. Nilisema nikiwa nimeangalia zulia. Nikaeleza maktaba ya programu ni nini, baba mdogo alielewa nini, na kwa nini sikuweza kumkatiza siku ile. Niliomba msamaha kwa ajili ya katoni.

Kisha mama akauliza mwenyewe, bila kupitia kwa binti yake, "Kwa hivyo hakuna nyumba."

"Hakuna, mama."

"Hakuna rafu."

"Hakuna."

Akainuka, akachukua ndoo nyuma ya mlango, akatoka kwenda kwa ng'ombe. Haikuwa saa ya kukamua. Mpenzi wangu akanitazama nami nikamtazama. Nilikaa pale nikifikiria jinsi nitakavyomweleza baba mdogo kwamba ameharibu posa kwa neno moja, kisha nikaanza kufikiria mama mwenyewe, peke yake zizini, na hilo likaniuma zaidi.

Alirudi baada ya kitambo, ndoo ikiwa tupu. Akanawa mikono, akavaa miwani.

"Na mtu akiuliza neno, inajibu?"

"Inajibu, mama."

"Uliza 'borrow'. Hiyo ilinisumbua miaka yote. Watoto wanasema ati 'borrow me your pencil' badala ya 'lend me'."

Nikaandika. Mpenzi wangu akanyanyua laptopu akampelekea. Kamusi ile ya zamani ilisema, kwa Kiingereza cha wanasheria, kwamba ni kupokea kutoka kwa mwingine kitu kwa njia ya mkopo, kwa nia iliyodhihirishwa ya kurejesha kitu hichohicho au chenye thamani inayolingana nacho. Mama alisoma kwa sauti hadi mwisho. Akaondoa miwani.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya mtu yeyote anayetaka maana."

"Mtoto wa darasa la tatu atakuwa amelala hapa katikati." Akafikiri. "Andika hivi. Unachukua kitu cha mtu, yeye anajua, na utarudisha."

Aliisema kwa Kiingereza cha darasani, maneno mafupi yenye nafasi kati yake kana kwamba ubao uko nyuma yake. Hapa maana zake naziandika kwa Kiswahili, lakini zote alizitoa hivyo. Nikaandika. Nilipofika kwenye "yeye anajua" nikasimama kidogo. Kamusi yangu ilikuwa imezungukazunguka pale bila kupagusa, ilhali mtoto anayechukua penseli ya jirani hilo ndilo anapaswa kulijua.

"Ni nzuri, mama," nikasema.

"Lete ingine," akasema.

Ndivyo tulivyoanza. Kila nilipopata Jumamosi nilikwenda Kitale. Niliongeza kwenye maktaba yangu tabaka la pili la maana, nikaliita rahisi, ili mwandishi wa programu achague mwenyewe kama anataka za zamani au za mama. Tulianza na maneno ambayo watoto huyakuta mapema: ya nyumbani, ya njiani, ya shuleni. Mpenzi wangu aliendelea kubeba maneno na laptopu kati yetu kwa majuma kadhaa, mpaka siku moja akasimama katikati ya sebule na kusema, "Mimi si waya. Nimechoka. Kaeni meza moja muongee kama watu, mimi naenda kupika chapati."

Nikampigia baba mdogo palepale, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la mila na sikutaka kuvunja kitu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Meza yao ni ndefu?" akauliza.

"Ni ndefu. Ya watu wanane."

"Kama wewe uko huku mwisho na yeye ako kule mwisho, meza iko katikati, hiyo si kukaa pamoja. Hiyo ni kazi."

Basi tukakaa hivyo, mimi mwisho huu na laptopu, yeye mwisho ule na kikombe chake. Nilikuwa nasoma neno na maana ya zamani, yeye anatoa yake, mimi nikiandika. Akiona nimeandika haraka mno alikuwa anagonga meza kwa kalamu na kusema, "Rudia." Nilirudia kama mtoto. Kuhusu zile katoni, nilipojaribu kuzirudisha alikasirika kweli. "Kaa navyo. Mtu harudishi zawadi." Fundi mmoja wa mtaani kwetu alinitengenezea rafu ya mbao, na mpaka leo vitabu vile viko sebuleni kwetu Bungoma.

Tulibishana pia. Kwenye neno 'goat' kamusi ilisema habari za pembe zenye uwazi ndani na kwato zilizogawanyika. Yeye akasema, "Mnyama wa nyumbani anayekula majani, na daftari lako ukiliacha nje." Nikamwambia daftari si sehemu ya maana. Akaniuliza nimewahi kufuga mbuzi wangapi. Daftari likabaki. Kwenye 'enough' tulikaa karibu saa nzima, maana kamusi ilikuwa inasema ni kiasi kinachotosheleza haja, na yeye alitaka kujua mtoto atajuaje haja imetosheka. Mwishowe akasema, "Ukiulizwa kama unataka ingine, unasema hapana asante, na husemi hivyo kwa sababu ya adabu." Mpenzi wangu aliyekuwa mlangoni na sinia la chapati akasema basi wakwe zake wa Bungoma hawajawahi kufikia 'enough'. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la leso.

Neno lililokuwa gumu lilikuwa 'miss'. Mvua ilikuwa inanyesha, mabati yanapiga kelele, nikalisoma kwa sauti ya juu ili asikie. Kamusi ilianza na kukosa shabaha, ikaendelea na kukosa kuhudhuria, na huko mwisho kabisa ikataja kuhisi kutokuwepo kwa mtu. Nilitegemea atoe jibu haraka kama kawaida yake. Hakutoa. Aliangalia kiti kilichokuwa dirishani, chenye kitambaa cha kufumwa mgongoni, ambacho sikuwahi kuona mtu akikikalia.

"Mzee alikuwa akitoka shambani," akasema, "anagonga buti kwa nguzo ya veranda ndiyo matope yatoke. Mara tatu, mara nne. Nilikuwa namwambia utaangusha hii nyumba. Mvua ikinyesha hivi, bado nangoja agonge."

Nikatoa mikono kwenye laptopu nikaiweka mapajani. Jikoni sufuria ilikuwa imenyamaza, nikajua mpenzi wangu naye anasikiliza.

"Andika," mama akasema. "Unajua hayuko, na bado unaangalia mahali pake."

Sikuandika mara moja.

"Umeandika?"

"Bado, mama."

"Andika kabla sijaiharibu."

Baadaye, akinisindikiza mpaka barabarani chini ya mwavuli mmoja, mpenzi wangu aliniambia kwamba tangu mazishi mama yake hakuwa amewahi kusema lolote kuhusu baba yao zaidi ya mambo ya hati za shamba. Akasema yeye mwenyewe alikuwa amesahau zile buti. Alilia kidogo, na mimi nikashika mwavuli.

Tulioana mwaka huo. Mama alikuja harusini na sweta ileile ya kijani juu ya gauni jipya, na baba mdogo alipopewa kipaza sauti alitaja maktaba tena, safari hii akiieleza sawasawa, kwa kirefu, mpaka mwenye kukodisha viti akaanza kuangalia saa yake.

Tukaendelea kwa simu mke wangu alipohamia Bungoma. Mama alipiga asubuhi akishamaliza kukamua, akiwa na neno ambalo ameamka nalo. Maktaba ilikuwa inatumiwa na watu nisiowajua, lakini watu hao huwa hawaandiki ila kitu kikiharibika. Kwa hiyo nilishtuka nilipopata ujumbe wa mwandishi mmoja wa programu kutoka nchi ya mbali, akisema hakuna kilichoharibika. Alikuwa anatengeneza mchezo wa kusoma wa watoto, na alikuwa ametia zile maana rahisi. Binti yake alisoma ile ya mbuzi na daftari akacheka, kisha akamlazimisha amsomee nyingine na nyingine, na sasa hawezi kulala bila kusoma kadhaa. Baba huyo alitaka kujua ni nani aliyeziandika.

Nilimpigia mama nikamsomea ujumbe wote kwa Kiswahili. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia ng'ombe akilia nyuma yake.

"Ana miaka mingapi, huyo mtoto?"

"Saba."

"Anasoma amelala?"

"Nafikiri hivyo, mama. Kitandani."

"Mwambie babake amkalishe. Ataharibu macho." Nikasikia akiweka ndoo chini. "Na umwambie ni mwalimu. Mwalimu wa darasa la tatu, Kitale."

Niliandika jibu lile kama alivyolisema, pamoja na habari ya macho.

Mtoto wetu alipozaliwa, mama alikuja Bungoma kumsaidia mke wangu, na maneno yakasimama. Hakuna aliyekuwa na nafasi. Nyumba yetu ni ndogo, na habari za meza ndefu tulizisahau bila kikao. Nilijikuta siku moja nampokea mtoto kutoka mikononi mwake moja kwa moja, naye ananielekeza jinsi ya kuishika shingo, na hakuna aliyekumbuka kuona aibu. Mtu mmoja aliandika kuuliza kwa nini maktaba haina maneno mapya. Nilimjibu kwamba mhariri ana mgeni.

Alasiri moja mtoto alikataa kabisa kulala. Mke wangu alijaribu, mimi nikajaribu, na mwisho mama akamfunga mgongoni kwa leso akaanza kuzunguka sebule, kutoka rafu ya vitabu mpaka mlangoni na kurudi, akiimba kitu cha Kikikuyu kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa inakwama kila baada ya maneno machache. Nilikuwa nimekaa na laptopu nikirekebisha tovuti ya shule fulani. Aliimba muda mrefu. Kisha, bila kusimama, akauliza, "'Lullaby' iko hapo kwako?"

"Iko, mama. Ya zamani."

"Inasema nini?"

Nikamsomea. Ilisema ni wimbo wa kuwatuliza au kuwalaza watoto wachanga.

Akazunguka tena mara moja. Mtoto alikuwa amefumbua macho makubwa, anaangalia dari.

"Andika," akasema. "Wimbo ambao mtu amechoka anamwimbia mtu hajachoka."

Nikafungua tabaka la mama na kuandika. Kutoka chumbani mke wangu akauliza nani anaangalia maziwa, maana yanachemka.